Datsun yetu ya Khayega: mimi nilikuwa na logbook, mzee alikuwa na ufunguo

Wakuu, salamu kwenu wote, wenye magari na wenye kuyatamani.

Mimi humu ndani ni msomaji tu. Napita, nacheka, naondoka. Lakini juzi niliona vijana wawili wakiomba ushauri. Wanataka kuchanga wanunue Corolla ya zamani, waing'oe viti, waifanye ya mashindano ya matope. Watu wakawajibu vizuri, habari za shoki na tairi na kabureta. Hakuna aliyewauliza: mmoja wenu akifa, gari litakuwa la nani?

Najua swali lina mkosi. Lakini mimi lilinipata, na nitawaeleza lilivyonipata. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa. Watu wa Khayega wa miaka ile wamo humu, na nikiongeza chumvi watanisuta kabla chai haijapoa.

Niseme mapema kwamba uzi huu hauna kicheko kingi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega. Nilikuwa nimepanga chumba Shirere, sina mke, sina shamba, na ugonjwa wangu ulikuwa mmoja tu: magari ya Kijapani yaliyozeeka.

Mwenzangu aliitwa Lihanda, kwao Khayega. Alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa pande za Butali, na lilipomzimikia shambani aliingia chini yake mwenyewe akalitengeneza.

Tulijuana kwenye duka la vipuri mjini. Nilikuwa nimesimama pale naangalia kabureta kwenye kabati la kioo, naangalia tu, kama mtu anavyoangalia viatu vya bei. Akaniuliza, "Boss, unatafutia gari gani?" Nikamwambia sina gari. Akacheka mpaka mwenye duka akatoka nyuma kuona kuna nini.

Haukupita mwaka tukawa tumechanga, nusu yake nusu yangu, tukanunua Datsun 120Y kutoka kwa mwalimu mmoja mstaafu. Hapo mwanzo lilikuwa la njano. Tulipolikuta, njano ilikuwa imebaki milangoni tu, na ukikaa upande wa abiria ungeweza kuona barabara ikipita chini ya miguu yako.

Logbook, ile hati ya umiliki wa gari, tukaandika jina langu. Hapakuwa na ujanja wowote. Mimi ndiye niliyekuwa na sanduku la posta la kuandika kama anwani.

Makubaliano mengine yote tuliyafanya kwa mdomo. Vijana, hapo someni mara mbili.

Gari likawa linalala kwao Khayega, mbele ya simba ya Lihanda, ile nyumba ndogo ambayo kijana wa Kiluhya hujijengea kwenye boma la babake. Shirere isingewezekana. Landlord wangu hakutaka kitu kinachodondosha oil mahali wapangaji wake wanafunzi wanapoanika nguo.

Sasa niwaambie habari za babake. Nitamwita Mzee tu.

Mzee alikuwa mtu wa mafahali. Kwa msiojua, Waisukha hupiganisha mafahali, na si mchezo wa watoto. Fahali ana jina na nyimbo zake. Siku ya pambano anasindikizwa na ngoma za isukuti, filimbi na matawi ya miti mpaka uwanjani, na mwenyewe anatembea mbele kifua wazi kama baba wa bwana harusi. Mimi ni wa Butere. Kwetu ng'ombe ni maziwa na mahari, basi.

Fahali wa mwisho wa Mzee aliitwa Radi. Alikufa kwa uzee kabla sijafika pale. Mzee alikuwa amefiwa na mkewe, na nyumbani alibaki na watoto wawili tu: Consolata, binti yake mkubwa aliyekuwa amerudi kutoka kwenye ndoa, na Lihanda, kitinda mimba. Alikuwa akisubiri Lihanda achukue fahali mwingine, aendeleze jina la boma.

Lihanda akamletea Datsun.

Kwa muda mrefu Mzee hakuitikia salamu yangu. Hata jina langu hakulitaka. Aliniita Karani, na alilitamka kama jina la ugonjwa.

Siku tuliyoshusha injini tulisimamisha milingoti mitatu ya mikaratusi, tukaifunga juu, tukaning'iniza injini kwa mnyororo. Mnyororo ule Lihanda aliutoa zizini bila kuomba. Mzee akaja, akasimama na fimbo yake, akautazama.

"Hiyo mnyororo ilikuwa inashika ndume," akasema. "Sasa inashika mkebe."

Lihanda akamjibu kutoka chini ya gari, "Mkebe iko na farasi nyingi, baba."

"Ndume yangu ilikuwa inaenda uwanjani na miguu yake. Yenu inaenda na kusukumwa."

Na ukweli tulikuwa tunalisukuma sana.

Nitawapa ufundi kidogo, maana najua kuna wenzangu humu. Sakafu tuliziba kwa bati la pipa. Shoki za nyuma tulitoa kwenye pickup iliyokufa. Chini ya sump, lile bakuli la oil chini ya injini, tulichomelea kipande cha diski ya jembe la trekta ili mawe yasitoboe. Viti vya nyuma tukang'oa. Kitu kimoja hatukukiweza: injini ilikuwa nzee, pete za pistoni zimechoka, ikawa inakunywa oil vibaya sana. Kwa hiyo kanuni ikawa moja, kabla hujagusa ufunguo, vuta dipstick, kile kijiti cha kupimia oil. Lihanda alikuwa mkali kwa jambo hili kuliko mchungaji kwa mambo ya zaka.

Mashindano yetu yasikuzuieni usingizi kwa wivu. Hapakuwa na kombe wala magazeti. Pale karibu na Butali kulikuwa na mkulima mmoja ambaye miwa yake ikishazeeka na kung'olewa, kabla ya kupanda upya, alituachia shamba. Tulipima njia ya mzunguko, tukachomeka mashina ya miwa kwenye kona badala ya bendera. Ukigonga shina, unapoteza, na watoto wanalitafuna. Tulikuwa magari machache: Salim wa duka la vipuri na Corolla yake, mwalimu mmoja wa sekondari na Lancer, na wengine waliokuja na kupotea.

Mvua ya Kakamega mnaijua. Asubuhi jua, alasiri inamwagika. Tulikuwa tunasubiri inyeshe kwanza ndipo tuanze.

Lihanda aliendesha, mimi nilikaa kushoto nikimpigia kelele. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, na sisemi hivi kwa kutia hadithi ladha. Nimeoa, nimepata watoto, nimejenga. Ile ilikuwa furaha ya aina yake.

Jumamosi moja Mzee akaja. Alipanda matatu, kisha baiskeli ya boda mpaka shambani, akasema amekuja kuangalia ujinga. Siku hiyo Lihanda alimpita Salim kwenye kona ya mwisho, kwa ndani, gari likiwa limelala ubavu karibu lipinduke. Hatukuwa wa kwanza, tulikuwa wa pili nyuma ya Lancer. Lakini kumpita Salim kulikuwa kama kushinda.

Tuliporudi Khayega, majirani walikuwa wamesikia. Mtu akaleta isukuti. Wakalisindikiza gari kutoka barabarani mpaka bomani kwa matawi na filimbi, sawasawa na wanavyosindikiza fahali. Mimi nilidhani ni utani.

Mzee akavunja kitawi, akalipiga gari kwenye boneti polepole, akasema kwa sauti ili boma lote lisikie, "Huyu ni Radi."

Akina mama wakapiga vigelegele. Lihanda aligeuka akajifanya anaangalia tairi. Alikuwa analia, na hakutaka nione. Babake alikuwa amemkubali, na mimi pia nilifurahi kupita kiasi. Kuanzia siku hiyo Mzee aliitikia salamu zangu.

Hatukujua kwamba jina linakuja na mzigo wake. Au pengine Lihanda alijua, kwa kuwa ni kwao. Mimi sikujua.

Msimu wa mvua ndefu uliofuata, Lihanda akaanza kutetemeka kazini. Akanunua vidonge dukani, akameza, akaendelea kupanda trekta. Mliokuwepo miaka ile mnajua malaria ilivyopita vijiji vyetu. Kila wiki kulikuwa na matanga mahali.

Consolata alinifuata ofisini mchana, amelowa. Akasema, "Kaka, Lihanda anaongea maneno haieleweki."

Tulipanda matatu mpaka Khayega, nikawasha Datsun kumpeleka hospitali. Viti vya nyuma havikuwepo, tulikuwa tumeving'oa kwa ajili ya mashindano. Tukamlaza sakafuni juu ya magunia, Consolata akakishika kichwa chake mapajani. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilipokuwa naingia barabara kubwa nikamsikia Lihanda akisema, "Karani, oil umeangalia?" Nikamwambia nimeangalia. Baadaye kidogo akauliza tena. Aliuliza njia nzima, na kila mara nilimjibu.

Siku ya pili alasiri akafariki. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Daktari na wauguzi walifanya walichoweza, sina lawama kwa mtu.

Alikuwa na umri wa kuoa. Alikuwa ameanza kuongea habari za msichana wa Shinyalu.

Siku ya mazishi, baada ya mahubiri, Mzee alinijia nilipokuwa nimesimama na watu wa ofisini. Akaniambia Radi lazima amzunguke mwenyewe. Sikumwelewa. Consolata akanieleza kando: mtu wa mafahali akifa, fahali wake anapitishwa bomani watu wamwone, kwa ngoma, ndipo maiti ishuke. Mchungaji alikunja uso.

Basi nikaendesha. Gia ya kwanza, polepole, isukuti mbele na akina mama nyuma, nikazunguka nyumba ya Mzee, nikazunguka simba, nikapita kando ya kaburi. Sikuwa naona vizuri kwa machozi. Niliogopa kumkanyaga mtu.

Nilipolisimamisha mbele ya simba, Mzee akanyoosha mkono dirishani. Nikadhani anataka kunipa mkono, nikatoa wangu. Akaupita, akauchomoa ufunguo.

"Radi anabaki," akasema.

Nikamuuliza, "Baba, anabaki mpaka lini?"

"Ndume ya mtu amekufa hatokangi kupigana na jina ya mtu mwingine. Anakaa kwa boma. Mpaka yeye mwenyewe aende."

Angekuwa mtu mwingine ningebishana. Lakini utabishana vipi na mzee kando ya kaburi la mwanawe, udongo bado mbichi? Nikashuka garini. Nikarudi Shirere kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na nilikuwa na hasira, wakuu, sitawaficha. Nilikuwa nimepoteza rafiki na gari kwa wakati mmoja, na kilichoniuma kwa siku za kwanza kilikuwa kinabadilikabadilika.

Miezi ikapita. Mkulima wa Butali akang'oa shamba lingine, watu wakaanza kujipanga.

Salim ndiye aliyekuwa akinichochea zaidi. "Logbook ni jina lako. Nenda na chifu, chukua gari. Mzee atafanya nini?" Mwalimu wa Lancer naye alisema hivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi. Na kisheria walikuwa sawa. Ile nusu ya Lihanda tungeongea, lakini gari lilikuwa langu kwenye karatasi, na lilikuwa linaoza kwa ajili ya desturi ambayo hata si ya kwetu.

Mimi gari nililitaka. Si kwa ajili ya thamani yake, halikuwa na thamani. Nilitaka kukaa tena ndani yake shambani kwenye matope. Niliona hicho ndicho kitu pekee cha Lihanda kilichobaki, na kwamba mimi ndiye niliyekijua, si Mzee.

Jumamosi moja nikaenda, logbook mfukoni, ufunguo wa akiba mfuko mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Chifu sikumchukua, niliona kwanza nijaribu mwenyewe.

Nilipofika, gari lilikuwa linang'aa.

Consolata alikuwa anamalizia kulipangusa na kitambaa. Mzee alikuwa anazunguka na kata ya maji akimwagia tairi. Majani yaliyoota chini yake yalikuwa yamefyekwa. Nikaambiwa kwamba kila Jumamosi, saa ile ile tuliyokuwa tukitoka kwenda Butali, Mzee humwosha Radi halafu humwasha.

"Karani, mulembe," akasema Mzee. "Umekuja saa mzuri. Kaa usikie."

Akafungua mlango wa kushoto, akakaa mahali nilipokuwa nakaa mimi. Kiti cha dereva hakukigusa. Akajinyoosha kutoka pale alipo, akazungusha ufunguo kwa mkono wa kulia.

Likawaka. Na nikasikia.

Tok, tok, tok, tok.

Wenye magari mmeshaelewa. Kwa wengine: injini ikikosa oil, bearing za ndani zinakwisha, chuma kinaanza kugonga chuma. Tunasema injini imenoki. Sauti ile ukiisikia unazima hapo hapo, unashusha injini, na ukichelewa imekwenda.

Nikafungua boneti, nikavuta dipstick. Ilitoka kavu, na doa jeusi kwenye ncha. Tangu mazishi walikuwa wanaliwasha kila Jumamosi, wanalipendezesha, wanaliangalia maji. Oil hakuna aliyejua. Kwa ng'ombe hakuna dipstick.

Niliinua kichwa kumwambia Mzee azime. Alikuwa amekaa pale, amefumba macho, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa dashibodi.

"Unasikia vile analia?" akaniuliza. "Zamani hakuwa na hii sauti. Imeanza baada ya Lihanda kwenda. Kwanza ilikuwa kidogo, sasa kila wiki inapanda. Ndume inajuanga mwenyewe akifa. Radi ile ya kwanza, mama yao alipokufa, alilia namna hii zizini."

Consolata alinitazama. Nadhani yeye alikuwa anajua kuna kasoro. Akainama akakamua kitambaa chake.

Wakuu, nilikuwa na mambo mawili mkononi. Ningesema, "Baba, zima, injini inakufa." Bado ingeokoka siku ile, crankshaft, ule mhimili wa injini, ingechongwa, bearing mpya, na Salim angenitafutia. Gari lingepona. Na likipona lingenyamaza.

Au ningenyamaza mimi.

Nikasema, "Ndiyo baba. Analia."

Akaitikia kwa kichwa bila kufumbua macho. Nikafunga boneti, nikakaa chini karibu na mlango, tukasikiliza mpaka yeye mwenyewe alipotosheka akazima. Logbook sikuitoa mfukoni. Consolata alileta obusuma, yaani ugali, na mboga, tukala, nikaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilirudi na mkebe wa oil.

Hapa mafundi watanicheka. Injini iliyonoki ukiitilia oil nzito, sauti inashuka. Ndivyo matapeli wanavyowauzia watu magari. Mara ya kwanza nilitia nzito bila kufikiri. Mzee akawasha, akasikiliza, akanigeukia na uso ulioniogopesha.

"Umemfanya nini? Amenyamaza."

Nikaimwaga. Nikatia nyepesi. Sauti ikarudi, na Mzee akatulia.

Basi hiyo ikawa kazi yangu. Karibu kila Jumamosi, wenzangu wakielekea Butali, mimi nilielekea Khayega na oil nyepesi, kuhakikisha injini iliyoharibika inaendelea kuharibika polepole. Isife haraka, isipone. Sijawahi kufanya ufundi wa ajabu kama huo, na ulinichosha roho. Nilikuwa naliua gari langu mwenyewe kwa uangalifu. Njiani kurudi mara nyingi nililia kidogo, kisha nikajifuta nikifika Shirere.

Sauti ilipanda. Ikawa inasikika mpaka barabarani. Majirani walikuwa wanasema Radi ameanza, na wengine walisimama na majembe yao mpaka anyamaze.

Halafu kuna Jumamosi sikwenda, nilikuwa nimesafiri kwetu Butere. Jumatatu Consolata akaja ofisini. Akasimama mlangoni akasema Mzee ananiita, Radi amekwenda.

Nilikuta oil imemwagika chini yote. Chuma kilikuwa kimetoboa injini ubavuni, tundu la kupitisha ngumi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda kando yake, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona tangu mazishi. Alinielezea ilivyokuwa: amelia kwa nguvu, amepiga teke moja, amenyamaza.

"Sasa imeisha," akasema. "Wale mlikuwa mnashindana nao, waite. Jumamosi wakuje na visu vyao."

Visu maana yake spana. Desturi ya boma lake, alinieleza, ni kwamba fahali wa kupigana akifa hazikwi wala hauzwi. Anagawanywa kwa wale ambao mafahali wao walipambana naye. Wao ndio waliozijua nguvu zake.

Wakaja. Salim, mwalimu wa Lancer, na wengine wawili niliokuwa nimewasahau. Walikuja wakiona aibu kidogo, kama watu walioalikwa kula nyumba ya msiba. Mzee akasimama na fimbo yake akaonyesha: gearbox ya Salim. Diff na shoki za nyuma, mwalimu. Huyu milango, yule tairi. Wakalala chini wakaanza kufungua. Ilisikika milio ya spana tu, na kuku.

Mimi nilikuwa nimesimama na spana namba kumi na tisa. Nilikuwa nimeshachagua. Nilitaka usukani. Lihanda alikuwa ameuzungushia kamba ya plastiki kwa mikono yake usiteleze kwenye mvua, na kamba ilikuwa imeshika weusi wa viganja vyake. Sikutaka kitu kingine.

Nikaingia ndani, kwenye kiti cha dereva, nikaanza kulegeza nati ya katikati. Ikalegea. Nikauchomoa usukani, nikatoka nao. Mzee akaniangalia.

"Hiyo ni ya Salim pia," akasema.

Nikamwambia, "Baba, naomba hii moja tu. Kwa sababu ya Lihanda."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na ukali wowote. Alinishika bega, mara ya kwanza na ya mwisho kunigusa.

"Hapana, mwana wanje, mtoto wangu. Mwenye ndume hakulangi. Mimi sikuli, Consolata hakuli. Wewe utakula aje?"

Nilisimama pale na usukani mkononi. Miezi yote ile nilikuwa natafuta mtu aseme kwamba gari lile ni langu. Nikaenda, nikampa Salim. Akaupokea kwa mikono miwili, akaangalia chini.

Kufikia jioni palikuwa na doa la oil mbele ya simba, basi. Nililia mbele ya watu wote na sikuona haya.

Kwa hiyo vijana wa Corolla, somo langu ni hili. Andikianeni. Semeni wazi, mmoja akiondoka gari liende wapi, na wazee wenu wasikie mkiwa hai wote wawili. Na mkipewa jina la gari na mzee wa watu, ulizeni jina hilo lina masharti gani.

Mzee alifariki miaka michache baadaye. Mpaka leo sijawahi kumweleza mtu wa boma lile sauti ile ilikuwa nini, isipokuwa Consolata, na yeye alisema alijua kutoka wiki ya pili.

Kuna siku nafikiri nilifanya vizuri. Kuna siku nafikiri nilimdanganya mzee wa watu na nikaliua gari lililoweza kupona, na Lihanda angenizaba kofi kwa kuacha dipstick ikauke. Ninyi mngemwambia azime, au mngekaa msikilize? Nawasoma.